Kubahatisha Nako Kuna Kanuni

Likitajwa neno kubahatisha, wengi wetu tunafikiria bahati nasibu. Leo nazungumzia kubahatisha kulikoingia hata kwenye hesabu, mahali ambapo walimu walituambia jibu ni moja tu.

Mwaka 1895 Mjerumani Carl Runge alitoa njia ya kukokotoa milinganyo inayoeleza jinsi vitu vinavyobadilika, kama vile mwendo wa sayari. Mingi ya milinganyo hiyo haina jibu la kuandikwa moja kwa moja. Unasonga hatua kwa hatua. Katika kila hatua unapima kasi ya mabadiliko mara kadhaa, kisha unachanganya vipimo hivyo kwa uwiano maalumu. Wilhelm Kutta aliiendeleza njia hiyo mwaka 1901.

Kazi ngumu ni kuupata uwiano wenyewe. Njia ya daraja la nne hutimiza masharti 8, ya tano masharti 17, ya nane masharti 200. Kutta mwenyewe aliteleza katika daraja la tano, na Nyström akamsahihisha mwaka 1925. Miaka 24 imepita!

Sasa, masharti 200 nani atayafumbua kwa kalamu? Jawabu lilitoka upande mwingine kabisa. Mwaka 1964 mjini Berlin, Ingo Rechenberg, Hans-Paul Schwefel na Peter Bienert waliweka ubao wenye bawaba kwenye mkondo wa upepo. Walibadilisha pembe zake kwa kubahatisha; umbo lililopunguza ukinzani walilibakiza, lililozidisha walilitupa. Haba na haba, ubao ukanyooka. Ndivyo maumbile yanavyochagua viumbe.

Mwaka 1995 Rainer Storn na Kenneth Price walileta kanuni nyepesi zaidi: chukua tofauti ya majibu mawili, iongeze kwenye la tatu, mtoto akimshinda mzazi, anarithi nafasi yake. Baadaye wanahesabu waliitumia kanuni hiyo kuwinda namba za njia ile ile ya Runge na Kutta.

Je, akili ya binadamu imestaafu? Mimi nasema hapana. Namba zinazowindwa hivyo huukaribia ukweli tu. Ni lazima zisafishwe na kukaguliwa. Ikiwa kosa la bingwa kama Kutta lilidumu miaka 24, la kompyuta isiyokaguliwa litadumu mingapi? Bahati ipewe kazi ya kutafuta, lakini kuthibitisha tusimwachie.