Kuchukuana na Mwenendo wa Kazi

Hutokea kwenye majopo ya usaili, Nairobi kama Dar es Salaam: msailiwa amejibu vizuri, vyeti anavyo, uzoefu anao, kisha anawekwa kando kwa maneno mawili ya Kiingereza, cultural fit. Maana yake ni kwamba kazi anaiweza, ila hatapatana na watu wa ofisi ile. Tafsiri inayokuja upesi ni "ulinganifu wa kitamaduni". Ni tafsiri ya hatari, na ningependa maofisa rasilimali watu waiache kabisa.

Utamaduni, kwa msomaji wa Kiswahili, ni mila na lugha, mavazi na vyakula, namna watu wanavyooa na wanavyozikana. Istilahi ya Kiingereza inadai kutaja jambo finyu zaidi: jinsi taasisi inavyoendesha shughuli zake, nani huamua, kosa likitokea husemwa wapi. Sasa mwandikie mwombaji kutoka Pemba au Turkana kwamba "hukulingana na utamaduni wetu". Ataelewa kwamba amekataliwa kwa asili yake, na hakuna atakayemlaumu kwa kuelewa hivyo.

Sheria nayo inaweza kuelewa vivyo hivyo. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi wa kabila au mahali mtu alikotoka, dini, jinsia, ulemavu, umri, hata hali yake ya maisha, na kwa kifungu hicho mwombaji kazi huhesabiwa kuwa mwajiriwa. Kenya inacho kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007, kinachotaja lugha pia. Nchi zote mbili humtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua, Tanzania ikitaka kwanza mlalamikaji aonyeshe dalili za awali. Mwenye faili lililoandikwa "utamaduni" tu atathibitisha kwa kitu gani?

Marekani, ambako maneno haya yamekita mizizi, jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2012 mwanasosholojia Lauren Rivera wa Chuo Kikuu cha Northwestern alichapisha utafiti uliotokana na mahojiano 120 na waajiri wa kampuni kubwa za mawakili, benki za uwekezaji na kampuni za ushauri wa biashara. Aliona kwamba wengi walivutwa na msailiwa mwenye burudani na michezo kama yao, wakati mwingine hata kuliko ubora wa majibu yake. Michezo mingi ya aina hiyo hujifunzwa katika nyumba zenye pesa. Walichokuwa wakikitafuta tunakijua kwa jina lake: mwenzetu. Na aliyekataliwa alikuwa si mwenzetu, basi.

Mahakama za huko zilikwisha kulitazama. Clara Watson, mwanamke mweusi aliyefanya kazi benki Fort Worth, Texas, alinyimwa vyeo mara kadhaa na wasimamizi waliotegemea maoni yao wenyewe, bila vigezo rasmi. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ilisema maamuzi ya namna hiyo nayo yanaweza kupimwa kwa matokeo yake, hata pasipo kuthibitisha nia mbaya. Mwaka 2015 ikaja kesi ya Abercrombie & Fitch, duka la nguo lililomkataa binti Mwislamu kwa sababu ushungi wake haukuafiki kanuni za mwonekano wa wauzaji. Duka halikuweza kujificha nyuma ya dai kwamba binti hakuwa ameomba ruhusa ya kuuvaa.

Mimi napendekeza "kuchukuana na mwenendo wa kazi". Kuchukuana twalitumia kwa rangi za nguo na kwa watu wanaopatana, na mwenendo ni kitu kinachoonekana, kinachoweza kuulizwa ushahidi. Wodi ya wagonjwa mahututi inamhitaji nesi atakayemzuia daktari akiona dozi imekosewa. Huo ni mwenendo wa kazi, na unaulizika: tueleze siku ulipompinga mkubwa wako. Lafudhi, saumu ya Ramadhani, timu ya mpira anayoishabikia au kutokunywa bia na wenzake Ijumaa jioni haviingii humo, na jopo lisiviguse.

Mwenendo unaotakiwa uandikwe kabla ya tangazo kutoka, waombaji wote waulizwe swali lile lile, na kila mjumbe aweke alama zake kabla ya mazungumzo kuanza, maana mkubwa akishasema "huyu simwoni hapa" wengine hufuata. Kwenye fomu iandikwe kilichosemwa: "Alipoulizwa angefanya nini akiona dozi isiyo sahihi, alijibu kwamba angesubiri zamu iishe." Mwombaji akipeleka lalamiko kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya Tanzania, jopo litakuwa na jambo la kujibu, naye atakuwa na jambo la kulipinga.