Kufuata nyayo za mababu: safari inayopangwa Hombo

Hapa Hombo mtu akikuuliza "Weye uko wa wapi?", unaweza kumjibu mara tatu, na majibu yote matatu yawe ya kweli. Upande huu wa mto ni Walikale, ng'ambo ni Kalehe, na wengine mashamba ya baba zao yako Ufamandu, mu Masisi. Mtembo, Mnyanga, Mhunde, Mkano, Mrega na Mhavu wanauziana mihogo na mafuta ya ngazi katika soko moja. Lakini swali likigeuka kuwa "Babu ya babu yako walimuzika wapi?", hapo wengi tunanyamaza, na vijana wananyamaza zaidi. Juu ya hiyo ukoo wetu umekata shauri kwenda kutafuta kijiji cha zamani, kule ndani ya msitu, kabla wanaokijua hawajaisha. Kati ya wazee wanne waliofika pale wakiwa vijana, amebaki mmoja, na miguu yake haimbebi tena.

Kwa nini hatujui? Wengine wanasema ni uzembe wa watoto wa siku hizi. Mimi sikubali. Sababu kubwa ni barabara. Zamani kijiji kilikuwa nyumba chache za ukoo mmoja, na udongo ulipochoka watu walihama, wakaacha jina lao kwenye kilima. Kiisha Wabeleji walifika. Dekreti ya 2 Mei 1910 ilimweka kila mtu chini ya shefu aliyeandikwa na serikali, na mtu hakuweza tena kuhama bila ruhusa. Halafu, barabara zilipochimbwa kwa nguvu za watu, vijiji vilivutwa msituni na kupangwa kandokando yake, ili iwe rahisi kuhesabu watu, kuchukua kodi na kupata mikono ya kazi. Njo maana vijiji vyetu vingi ni virefu kama kamba. Watu walishuka barabarani, lakini makaburi yalibaki juu. Mtoto aliyezaliwa barabarani alisikia jina la kilima, lakini hakukiona.

Kuna jambo lingine linalosumbua anayetafuta, nalo ni majina. Kwa jirani zetu Wanyanga, mtu akizaa anaitwa kwa jina la mtoto: baba ni She-fulani, mama ni Nya-fulani. Kila anayejua hadithi ya Mwindo anajua kwamba baba yake ni Shemwindo, na mama yake ni Nyamwindo. Ukiandika katika daftari "Shefulani, mwana wa Shefulani", umeandika watoto, wazazi wenyewe hujawapata. Lazima uulize tena: alipokuwa kijana walimuita nani? Hadithi hiyo ya Mwindo yenyewe tunayo kwenye karatasi kwa sababu mwaka wa 1956 Shekarisi Rureke aliisimulia, na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mtoto wa Kinyanga, waliketi wakaiandika. Kitabu kilitoka mwaka wa 1969. Wangechelewa miaka ishirini, sijui nani angeisimulia namna ile.

Wazungu nao wana safari za aina hii. Watu wengi wa Kanada na Australia wenye asili ya Uskoti wanarudi kule kutafuta mababu. Baadhi ya mababu hao walifukuzwa kwenye ardhi yao mwanzo wa karne ya 19, sana sana katika jimbo la Sutherland, ili mashamba yapewe kondoo. (Tunapofundisha hilo darasani, wanafunzi wanacheka: watu kuondolewa juu ya kondoo! Halafu wanakumbuka mambo ya hapa, wanaacha kucheka.) Kazi yao inaanzia mjini Edinburgh, katika nyumba ya kumbukumbu za serikali. Tangu 1 Januari 1855 kila aliyezaliwa, aliyeoa na aliyekufa anaandikwa, na kwenye cheti cha kifo yanawekwa majina ya baba na mama. Hesabu ya watu inataja majina tangu 1841. Anayekwenda wakati wa baridi, jua linapoonekana saa saba tu kwa siku, anakaa ndani na vitabu, na makaburi anayaacha mpaka joto lirudi.

Sisi vitabu vyetu ni vichache. Kuna madaftari ya ubatizo ya misheni, na mtu asiyadharau, maana mara nyingi yanataja baba, mama na kijiji. Karatasi nyingi za utawala wa Wabeleji ziko Brussels. Zilizobaki kwetu ziliachwa kwa mchwa, na vita vya 1996 na 1998 havikuhurumia ofisi. Basi archive yetu ni muzee anayekohoa kando ya moto.

Lakini tofauti kubwa kati yetu na watu wa Uskoti haiko kwenye karatasi. Mtu wa Kanada akilipata kaburi la babu yake, anapiga picha, anarudi nyumbani, na hakuna anayeogopa kupoteza shamba. Kwetu swali la asili limeua watu. Sheria ya 29 Juni 1981 ilimtambua kama raia wa asili yule ambaye mmoja wa mababu wake alikuwa wa kabila lililokaa ndani ya mipaka ya inchi ya 1 Agosti 1885. Nani hapa ana cheti cha 1885? Mwezi wa Machi 1993 damu ilimwagika kwenye soko la Ntoto, hapa hapa Walikale, na vita vikaenea mpaka Masisi. Sheria ya 12 Novemba 2004 ilisogeza mpaka huo hadi wakati wa uhuru, ila mdomo wa watu haukusogea pamoja nayo.

Kwa hiyo katika mkutano wa ukoo tulibishana sana. Kijana mmoja alitaka twende na mtu wa kupima mashamba. Wazee walikataa kabisa, na kwa maoni yangu walikuwa na haki: ukifika na kamba ya kupimia, hakuna atakayekuonyesha kaburi hata kidogo. Tunakwenda kutafuta majina. Na haki hiyo si yetu peke yetu. Wajukuu wa Wanyarwanda walioletwa Masisi na mpango wa Wabeleji ulioitwa MIB, kati ya 1937 na 1955, nao wana vilima vya babu zao ng'ambo ya mpaka. Wao wanahesabu kwa miaka, sisi kwa vizazi. Anayewazuia kuuliza atatuzuia na sisi kesho.

Mipango yenyewe imefika hapa. Tutakwenda kati ya Juni na Agosti, mvua inapopungua, kama barabara itakubali: tangu M23 ilipochukua Goma Januari 2025 na Bukavu Februari 2025, hakuna anayetaja tarehe bila kuuliza kwanza habari za njia. Sehemu ya njia inagusa mbuga ya Kahuzi-Biega. Mbuga hiyo ilianzishwa mwaka wa 1970, na mwaka wa 1975 ilipanuliwa kutoka kilometa za mraba 600 hivi mpaka 6.000, ikameza na vilima vya watu. Barua ya kuomba ruhusa iandikwe mapema. Muzee wetu atapanda pikipiki mpaka mwisho wa njia, kiisha vijana watambeba kwa kipoyi. Dalili za kutafuta ametuambia: ngazi zilizozeeka mahali ambapo msitu ungali mchanga, vipande vya vyungu, jiwe la kusagia.

Tutabeba chumvi, sabuni na kasiksi kwa wenyeji wa kijiji cha mwisho, na mbuzi mmoja. Mama zetu wawili watakwenda nasi, maana wanaume wanataja baba na babu tu, na nyanya aliyetoka ukoo mwingine wanamruka. Daftari zitakuwa mbili. Moja itarudi Hombo. Ya pili itaachwa kwa wenyeji, ikiwa na majina yale yale, ili watoto wao wasahihishe tulipokosea.