Lango la Bibi na Uhaba wa Anwani za Intaneti

Mwaka jana baba mdogo, anayefanya kazi Muscat, alituma kamera mbili za ulinzi zifungwe nyumbani kwa Bibi, Buyenzi. Bibi anaishi peke yake, na usiku mmoja watu walijaribu kuvunja lango lake. Mimi ndiye niliyepanda ngazi kuzifunga. Tukiwa uani picha zilionekana vizuri kwenye simu, lakini baba mdogo huko Muscat aliona kioo cheusi tu. Nilifuata maelekezo ya kuruhusu mawasiliano ya nje kwenye ruta, bila mafanikio. Anwani ambayo ruta ilipewa na mtoa huduma ilianza na 100.72. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba kioo kile cheusi kina historia iliyoanza kabla sijazaliwa.

Kanuni za intaneti zilizochapishwa Septemba 1981 ziliipa kila anwani biti 32, yaani jumla ya anwani kama bilioni 4.3 kwa dunia nzima. Wakati ule zilionekana hazitaisha, zikagawiwa kama karanga. Chuo kimoja cha Marekani, MIT, kilipata zaidi ya milioni 16. Sensa ya Burundi ya mwaka 2008 ilihesabu watu milioni 8 hivi. Siamini kwamba kulikuwa na njama. Waliokuwapo waligawana, na sisi hatukuwapo.

Hofu ya kuishiwa ilianza mapema. Mwaka 1994 ilipendekezwa njia ya kuzifanya kompyuta nyingi zitumie anwani moja ya nje, na Februari 1996 yakatengwa rasmi makundi ya anwani za ndani, kama zile za 192.168 tunazoziona majumbani. Mfumo huu tunaujua hata bila kompyuta: watu wengi hutumia sanduku moja la posta la shule. Ukiandika barua, mwenye ufunguo anakukumbuka, na jibu likija anakuletea. Barua isiyotarajiwa, isiyo na jina lako, hukaa pale pale. Baba mdogo alikuwa akituma barua ya namna hiyo.

Afrika ilipata msajili wake wa anwani, AFRINIC, yenye makao Mauritius, mwaka 2005. Nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilianza kazi pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009 na 2010, nasi tusio na bahari tukazifikia kupitia kwa majirani. Tarehe 3 Februari 2011 hazina kuu ya dunia ikagawa mafungu yake ya mwisho. Yaani mlango ulifunguliwa sahani zikiwa zinakusanywa. Mwaka 2012 zikatengwa anwani za 100.64 hadi 100.127, ili watoa huduma nao waweke wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hapo ndipo ilipo ruta ya Bibi. Tangu Januari 2020 AFRINIC haitoi zaidi ya anwani 1,024 kwa ombi moja. Anwani mpya za biti 128 zipo tangu miaka ya 1990, ila laini yetu haina.

Hatimaye nilitumia programu ya kiwanda. Kamera yenyewe hutangulia kuipigia seva ya mtengenezaji, na simu ya Muscat hukutana nayo huko. Kufungiwa nako kuna faida yake: mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai iliteka kamera nyingi zilizokuwa wazi kwenye intaneti na nywila za kiwandani. Kwa hiyo nilibadilisha nywila kwanza.

Baba mdogo sasa analiona lango. Bibi, baada ya kusikia kwamba picha hupitia kwa watu wengine, aliniuliza, “Na hao nao wananiona nikienda kuoga?” Nilipanda ngazi tena, nikaigeuza kamera ya uani ielekee barabarani.