Wanawake na Kura ya Chake Chake, 1961

Neno "kura", lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa na maana ya bahati nasibu kabla ya kupata maana ya uchaguzi. Aliyepiga kura aliiachia bahati uamuzi. Katika uchaguzi wa Unguja na Pemba wa mwaka 1957, maana hiyo mpya ilikuwa ya wanaume peke yao. Wanawake waliingia katika maana hiyo mwezi wa Januari 1961, walipopiga kura kwa mara ya kwanza.

Kati ya viti 22, Afro-Shirazi ilipata 10, Hizbu 9, na Chama cha Watu wa Unguja na Pemba 3. Kiti cha Chake Chake kilichukuliwa na Afro-Shirazi kwa kura 1,538 dhidi ya 1,537. Bila kiti hicho isingeongoza. Matokeo hayo hayawezi kuelezwa pasipo wanawake. Tena, kwa kuwa kura ni siri, mwenye kura iliyozidi hatajulikana. Basi kila mwanamke wa Chake Chake aliyetumbukiza karatasi yake siku ile anastahili kukumbukwa kuwa mwamuzi, wala si mtu aliyeiachia bahati.