GAVANA ALTGELD NA MIPAKA YA HAKI KATIKA DOLA YA KIBEPARI

Kila tarehe 1 Mei wafanyakazi wa Tanzania huungana na wenzao duniani kuadhimisha siku yao. Chimbuko la siku hiyo ni mapambano ya Chicago, Marekani. Katika historia hiyo yumo gavana mmoja ambaye maisha yake yana mafunzo kwa kila kiongozi wa umma.

John Peter Altgeld alizaliwa Ujerumani mwaka 1847, akapelekwa Ohio akiwa mtoto mchanga. Alikulia katika ukulima na umaskini. Baadaye alisomea sheria, akahamia Chicago na kutajirika kwa biashara ya ardhi na majumba. Hakuwa mjamaa. Lakini mwaka 1884 aliandika kitabu kilichoonyesha jinsi sheria na magereza yalivyowakandamiza maskini.

Mei 1886 wafanyakazi waligoma wakidai siku ya kazi ya saa 8. Tarehe 4 bomu lilitupwa katika uwanja wa Haymarket. Polisi 7 walikufa. Aliyelitupa hakujulikana. Hata hivyo watu 8 walitiwa hatiani kwa sababu ya siasa zao. Wanne walinyongwa mwaka 1887, mmoja alikufa gerezani, na watatu wakabaki kifungoni.

Altgeld alichaguliwa kuwa Gavana wa Illinois mwaka 1892. Tarehe 26 Juni 1893 aliwaachia huru wale watatu. Hakusema kwamba anawahurumia. Alisema kwamba hawakutendewa haki: wazee wa baraza walichaguliwa kwa hila, hakimu alikuwa na upendeleo, na ushahidi haukuwahusisha na mtupa bomu. Magazeti ya mabepari yalimtukana mchana na usiku.

Mwaka huo huo jimbo lilipitisha sheria ya viwanda iliyoweka saa 8 za kazi kwa wanawake. Altgeld alimteua Florence Kelley kuwa mkaguzi mkuu wa viwanda. Mwaka 1895 Mahakama Kuu ya jimbo ilikifuta kifungu cha saa 8, kwa hoja kwamba kinavunja uhuru wa kufanya mapatano. Huo ndio uhuru wa mwenye kiwanda mbele ya mwenye njaa!

Mwaka 1894 kampuni ya Pullman ilipunguza mishahara bila kupunguza kodi za nyumba zake. Wafanyakazi wakagoma, na reli nyingi zikasimama. Rais Grover Cleveland alipeleka majeshi Chicago bila gavana kuyaomba. Altgeld alipinga vikali, ingawa yeye mwenyewe pia alipeleka askari wa jimbo kulinda amani. Mwaka 1896 alishindwa uchaguzi. Alifariki mwaka 1902, sehemu kubwa ya utajiri wake ikiwa imepotea.

Tunajifunza nini? Kwanza, cheo ni dhamana: Altgeld alijua gharama ya kusema kweli, na alikubali kuilipa. Pili, wema wa kiongozi mmoja hautoshi. Alishika ofisi ya gavana, lakini mahakama, magazeti, reli na jeshi vilibaki upande wa mtaji. Tatu, haki aliyoitetea ililetwa mezani kwake na wafanyakazi waliojipanga, waliodai kwa miaka 7 bila kuchoka. Kiongozi mwadilifu asiye na umma uliojipanga nyuma yake hung'olewa peke yake. Na umma usiojipanga hubaki kungoja bahati ya kumpata mwingine.