Kipanya Kimoja, Kompyuta Mbili

Kipanya cha kwanza, kilichobuniwa na Douglas Engelbart na kuundwa na Bill English huko California mwaka 1964, kilikuwa na kitufe kimoja tu, na kilitumikia kompyuta moja. Haja ya kugawana ilikuja meza zilipojaa mashine.

Dawa ya kwanza ilikuwa swichi: kisanduku kilichohamisha skrini, kibodi na kipanya kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Vipanya vya PS/2, vilivyoletwa na IBM mwaka 1987, vilituma kila mwendo kwa baiti tatu, na swichi hazikupata taabu navyo. Taabu ilianza mwaka 1996, Microsoft ilipotoa IntelliMouse yenye gurudumu. Gurudumu lilihitaji baiti ya nne, na kipanya hakikuitoa mpaka kompyuta ipige hodi ya pekee: iagize kasi ya sampuli 200, kisha 100, kisha 80, ndipo iulize kipanya ni cha aina gani. Swichi nyingi za zamani hazikuijua hodi hiyo. Mtu akihama na kurudi, alikuta gurudumu limekufa. Au, vibaya zaidi, kompyuta inangoja baiti nne na kupewa tatu, kishale kinarukaruka kama panzi na kubonyeza ovyo.

Mwaka 2001 Chris Schoeneman alitoa Synergy, programu iliyopeleka mwendo wa kipanya kupitia mtandao, kishale kikavuka ukingo wa skrini kuingia kompyuta ya jirani. Mwaka huohuo kivinjari cha Opera kilileta ishara za kipanya: kushikilia kitufe cha kulia na kuvuta kushoto kulirudisha ukurasa uliopita. Ishara hiyo ni kitufe na mwendo tu, hivyo ilistahili kusafiri salama. Lakini programu ya ishara ikikaa kwenye kompyuta yenye kipanya, huweza kukinyakua kitufe kabla hakijavuka. Ikikaa upande wa pili, kwenye Windows, hukuta kila tukio lililotiwa na programu nyingine lina alama yake, na baadhi ya programu hupuuza matukio ya namna hiyo.

Ishara za vidole, zilizoenea kwenye kompyuta za Apple kuanzia 2008, zilikuwa ngumu zaidi. Lugha ya Synergy ilikuwa na neno la kusogea, la kubonyeza na la gurudumu. La kubana picha kwa vidole viwili halikuwamo. Machi 2022 Apple ilitoa Universal Control, inayovusha hata ishara hizo, lakini kwenye Mac na iPad pekee.