Uko Fiti, Dere?

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, ilianza kufanya kazi tarehe 1 Januari 1954. Nchi ilikuwa chini ya hali ya hatari, na mwaka huo huo watu wa huku Embu walitolewa kwenye mashamba yao wakapangwa kwenye vijiji vyenye mitaro na walinzi. Katikati ya fujo hiyo yote, mkoloni alipata muda wa kuandika jambo la kawaida kabisa: anayeomba leseni ya kuendesha gari atangaze mwenyewe kama ana ugonjwa au ulemavu unaoweza kumfanya awe hatari kwa watu barabarani.

Soma tena hapo polepole. Anayeulizwa kwanza si daktari. Ni wewe. Unaambiwa ujichunguze, ujishuhudie, halafu serikali iamue kama utakula au hutakula. Mkoloni aliondoka, bendera ikabadilika, lakini lile swali lilibaki kwenye sheria, na madereva wamekuwa wakilijibu tangu hapo kwa namna ambayo kila mtu anaijua: niko sawa.

Mimi nilitaka kujua swali hili lilitoka wapi, kwa sababu natoka sehemu ambayo kila kitu huondoka kwa lori. Kianjokoma ni senta ndogo upande wa juu wa Embu, pale kahawa inapoachia majani chai nafasi na msitu wa Mlima Kenya uko hapo tu mbele. Majani yakichumwa asubuhi lazima yafike kiwandani siku hiyo hiyo, la sivyo yanaharibika. Ndizi na maparachichi hushuka usiku hadi Nairobi ili yawe Marikiti kabla ya alfajiri. Kwa hivyo kila boma lina dere, au lilikuwa na dere, au lina kijana anayetafuta leseni ya trela akiwa na ndoto za Texas.

Kabla ya lori, lori lilikuwa mtu. Waingereza waliingia Embu kwa bunduki mwaka 1906. Miaka minane baadaye wakaanza kupigana na Wajerumani wa Tanganyika, na wakagundua kwamba punda na ng'ombe hawawezi ile kazi, mbung'o wanawamaliza njiani. Basi wakachukua watu. Kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, kilikuwa chini ya Oscar Watkins, na jina lake watu wakalitamka wanavyoweza hadi leo tuna Kariokor Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam. Mwaka 1917 John Ainsworth alisimamia msako mkubwa wa wanaume kote nchini, na hapo ndipo daktari anapoingia kwenye hadithi. Vijana walipangwa mstari, wakavuliwa, wakaangaliwa kifua, miguu, mgongo. Wengi walikataliwa hapo hapo wakarudishwa nyumbani. Wengine wakapita.

Walichokuwa wanapimiwa ni kama watafika na mzigo wa kilo 25 hivi kichwani. Basi. Hakuna aliyeuliza watarudi vipi. Makumi ya maelfu hawakurudi, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Ilikuwa kuhara, malaria, nimonia, na unga wa mahindi usioiva vizuri ambao matumbo yao hayakuuzoea. Daktari alithibitisha mtu mzima, kazi ikamfanya mgonjwa. Pale Kenyatta Avenue, Nairobi, kuna sanamu za askari zilizowekwa miaka ya 1920, na mmoja kati ya wale watatu ni mpagazi. Watu hupita hapo kila siku wakienda kupanda mathree.

Vita vya pili vikaja na injini. Waafrika Mashariki walifundishwa udereva na jeshi, wakaendesha malori kwenda Uhabeshi na baadaye Burma, kwenye matope ambayo mtu wa Kianjokoma angeyatambua mara moja. Waliporudi, walikuwa na kitu ambacho baba zao wapagazi hawakupata: ufundi wa kuuza. Baadhi wakanunua malori kwa akiba za jeshi. Wengi zaidi wakaajiriwa.

Na wale walioajiriwa ndio waliokutana na lile swali la 1954. Halikuzaliwa hapa. Ukiiweka sheria yetu kando ya Road Traffic Act ya Uingereza ya mwaka 1930, utaona ni mtu na mzazi wake. Kabla ya hapo Mwingereza alikuwa anapata leseni kwa kulipa tu. Mwaka 1930 bunge lao likasema: tangaza magonjwa yako, na uweze kusoma namba za gari ukiwa yadi 25, mchana, hata kama ni kwa miwani. Lakini kuna kamlango kwenye sheria hiyo ambako mimi nilikapenda. Ukisema una ulemavu, na si moja ya yale magonjwa yaliyokatazwa kabisa, ungeweza kulipa ada na kudai upimwe barabarani. Yaani: msiniangalie mguu, niangalieni nikiendesha.

Hako kamlango kanahitaji kitu kimoja ili kafanye kazi. Kanahitaji useme ukweli bila kufutwa kesho yake.

Huku kijijini kuna mzee, dere mstaafu, aliyeendesha lori la ndizi la mtu binafsi kwa zaidi ya miaka ishirini. Jicho lake la kushoto lilianza kuwa na ukungu akiwa bado kijana kiasi. Kwanza alidhani ni vumbi. Halafu taa za magari yanayokuja zikaanza kupasuka kama nyota. Mwishowe jicho likabaki linaona mwanga tu. Hakumwambia mtu isipokuwa mkewe na tanboi wake. Kwa kuwa dereva wetu hukaa kulia na tanboi hukaa kushoto, walipanga kazi kwa njia rahisi sana.

"Yule kijana alikuwa jicho langu la kushoto," aliniambia. "Nilikuwa namuongeza chai. Akisema 'iko', naingia. Akinyamaza, nangoja."

Nikamuuliza, "Na leseni guka, ulikuwa unarenew vipi?"

"Kwa pesa, kijana wangu. Sikuonyeshwa herufi ukutani hata siku moja."

"Na mwenye lori alijua?"

"Angejua ningekula nini?"

Kilichonishangaza ni kwamba mzee huyu alikuwa na sheria zake, na zilikuwa kali kuliko za serikali. Safari za Meru alizikataa kabisa kwa sababu ya Nithi, ule mteremko na kona ya darajani, ambapo Julai 2022 basi lilitumbukia na kuua zaidi ya watu 30. Alisema kwa jicho moja hawezi kukadiria umbali pale gizani. Mvua ikinyesha usiku alikuwa anaegesha, anasingizia mashine. Hakuwahi kulipita gari lingine kwenye mlima. Kwa maneno mengine alikuwa amejifanyia ule mtihani wa 1930 mwenyewe, kimya kimya, bila karatasi. Sisemi alikuwa salama. Tanboi wa miaka 19 mwenye usingizi si kifaa cha kutegemea, na wale waliokuwa wanatembea kando ya barabara upande wa kushoto hawakuulizwa kama wanakubali mpango huo.

Na ule ukungu ulikuwa mtoto wa jicho. Upasuaji wake kwa kawaida hauchukui hata saa moja. Alifanyiwa baada ya kuacha kazi, watoto wakichanga, na sasa anasoma gazeti. Alificha kwa miaka 11 kitu kinachotibika, kwa sababu kukitibu kungemaanisha kukitaja.

Ndio maana siwezi kusoma historia ya afya ya madereva hapa Kenya kama historia ya matibabu. Kila mara mamlaka inapokumbuka kwamba dere ana mwili, ni wakati ule mwili unatisha wengine. Chukua UKIMWI. Watafiti, akiwemo marehemu Profesa Job Bwayo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, waliweka kliniki kando ya barabara pale Athi River wakawapima madereva wa masafa marefu na matanboi wao. Zaidi ya robo walikuwa na virusi. Kazi hiyo ilikuwa ya maana, na kliniki iliwapa matibabu ya magonjwa mengine ya zinaa. Lakini kile kilichofika mtaani ni kwamba dereva wa trela ndiye anayesambaza. Bunge lilichukua hadi 2006 kupitisha sheria inayomkataza mwajiri kumlazimisha mtu apimwe virusi ndio apate kazi.

Hata zile kanuni za John Michuki, za 2003, ambazo sisi tuliozaliwa miaka ya tisini tunakumbuka kwa sababu mathree zilipotea barabarani siku kadhaa, macho yake yalikuwa kwa gari zaidi. Mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa kwa matatu na kwa malori mazito, mstari wa manjano. Dere wa matatu akapewa sare na akaambiwa alete cheti cha tabia njema. Polisi wakathibitisha tabia yake. Presha yake ilibaki siri yake.

Halafu 2020. Mnamo tarehe 16 Mei Rais Uhuru Kenyatta alifunga mipaka ya Tanzania na Somalia isipokuwa kwa mizigo, na kila dereva wa mizigo akatakiwa kupimwa Covid. Malaba foleni ya trela ilienda makumi ya kilomita. Watu walilala chini ya magari siku kadhaa wakingoja majibu. Kuna vijiji njiani ambako walikataa kuwauzia chakula. Yaani baada ya miaka 100 na zaidi mpagazi bado amepangwa mstari, anaangaliwa kama mzigo utafika salama. Naandika hivyo nikijua upimaji ulikuwa wa lazima. Corona haikuwa mchezo. Ila hakuna aliyetumia hiyo nafasi kuwapima sukari. Mtu anaketi saa 14, anakula chapati na soda, analala kwenye kiti, mgongo umekwisha, na alikuwa hapo hapo kwenye foleni, hana pa kwenda, mkono tayari umenyooshwa.

Sasa twende Marekani, kwa sababu huko ndiko wale vijana wa trela wanataka kwenda, na kwa sababu huko kuna kesi inayofanana na ya mzee wetu. Wamarekani walianza kuweka viwango vya mwili kwa madereva wa malori miaka ya 1930, na mapema kabisa wakadai macho mawili mazuri. Mwaka 1990, kule Oregon, Hallie Kirkingburg aliajiriwa kuendesha lori la kampuni ya Albertson's. Jicho lake la kushoto lilikuwa bovu tangu utotoni. Daktari alikosea akamwandikia kwamba amefuzu. Miaka miwili baadaye akapimwa tena, kosa likaonekana, akafutwa, ingawa serikali ilikuwa na mpango wa kumpa msamaha maalum. Aliupata ule msamaha mwaka 1993. Kampuni ikakataa kumrudisha. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, na mnamo Juni 1999 majaji wote wakaamua kwamba kampuni ina haki ya kushikilia kiwango cha serikali. Katika uamuzi huo huo walikubali kwamba ubongo wa mtu wa jicho moja hujifunza njia zake za kukadiria umbali. Lakini Kirkingburg alishindwa.

Kilichonivutia ni kilichofuata, tena polepole kama lori la mawe mlimani. Novemba 2018 waliondoa ile amri ya jumla iliyowazuia wanaotumia insulini, marufuku ambayo ilikuwa imekaa tangu mwanzo wa miaka ya 1970. Daktari anayekutibu sukari anaandika kwamba umeidhibiti, unaendesha. Machi 2022 ikawa zamu ya jicho moja: mtaalamu wa macho anakuangalia, daktari anathibitisha, kisha mwajiri anakupima barabarani. Kale kamlango ka 1930, kamefunguliwa kwa wenye malori makubwa.

Kwetu NTSA imepanga leseni kwa herufi. Malori yako kwenye C, na trela ni CE. Watu wenye ulemavu wamepewa herufi yao, F, kwa magari yaliyorekebishwa. Ni hatua, sikatai, kuna watu wanaoendesha leo kwa sababu ya hiyo herufi. Lakini angalia ilivyokaa. Ulemavu una darasa lake, lori lina lake, kana kwamba mtu akishapata C hataumia tena mguu, hatazeeka macho, hatapata kisukari akiwa na miaka 45 na watoto watatu shuleni. Dere wa Kianjokoma anayeanza kuona ukungu wiki hii bado anafanya hesabu ile ile ya yule mzee.

Wale watakaofika Texas watakutana na daktari wao hata kabla ya kushika usukani wa kazi, halafu tena kila baada ya miaka miwili, na mapema zaidi kama presha iko juu. Watatoa mkojo. Watasoma herufi ukutani kwa jicho moja moja. Kisha daktari atasimama futi tano kutoka sikioni mwao, atanong'ona maneno machache, na wao watatakiwa kuyarudia kwa sauti.